Kikojozi Anayeupenda Msafara Wake

Mpendwa Mama Dufie, naomba uninusuru kabla sijawa kichekesho cha mtaa mzima, ingawa nadhani nimeshachelewa. Nina binti, Pokuaa, wa miaka tisa, ana usonji, mtoto mzuri, nyimbo zote za redio anazijua, tatizo lake ni kwamba bado anajikojolea, usiku kwenye mkeka mchana kwenye sketi, na siku hizi hata haja kubwa inamtoka nguoni, majimaji kidogo kidogo, na chooni hataki kwenda, kile choo chetu cha kuvuta maji kikinguruma tu anaziba masikio na kutimua mbio, na chakula chake ni wali mweupe na mkate basi, mchuzi wa mawese hataki hata kuuona, na nikimtafuta namkuta nyuma ya pipa la maji amesimama kwa ncha za vidole, amekaza miguu, uso umemwiva, nami husema huyu ananifanyia makusudi.

Sasa mama mkwe wangu, Nana Birago, kaja kukaa nasi, akasema dawa ya kikojozi inajulikana tangu enzi za mababu, akambebesha Pokuaa mkeka uliolowa kichwani, akakusanya watoto wa wapangaji wote, wakamzungusha uani wakiimba na kupiga makopo, Nana mwenyewe mbele anagonga sufuria, na mimi nimejificha chumbani kwa aibu, lakini nisikudanganye, nilikubali, kwa sababu mwalimu mkuu kaniambia shule ikifunguliwa nisimrudishe akiwa bado analowa, na shule ndiyo kitu pekee kinachomtoa mtoto huyu mkekani akicheka.

Mama Dufie, Pokuaa hakulia. Alicheza! Alichezesha mabega mpaka muuza nyanya akaja kumpungia vidole viwili juu ya kichwa, kama kwetu anavyotuzwa mchezaji hodari wa ngoma za msibani. Kesho yake asubuhi tukamkuta kashasimama mlangoni, mkeka kichwani unachuruzika, anamsubiri Nana. Nana akaunusa ule mkeka, akanigeukia.

"Haya ni maji ya pipa. Mjukuu wangu ananichezea shere."

Tangu hapo anasema mtoto ana pepo la ngoma, tumpeleke kambi ya maombi. Mume wangu yuko kazini huko mjini Tema, kila nikimpigia anacheka mpaka simu inakatika. Nifanye nini?

Mama Pokuaa, Kumasi.

Mama Dufie anajibu:

Mama Pokuaa, nimecheka hadi miwani ikanidondoka, kisha nikakasirika. Nianze na hasira, maana ndiyo yenye faida kwako.

Ugonjwa wote umeuandika mwenyewe halafu hukuusoma. Mtoto anakula wali na mkate tu, anajibana nyuma ya pipa, kisha anatokwa na majimaji. Makusudi yako wapi hapo? Inaelekea amefunga choo, mwenzangu. Kigumu kimejazana, cha majimaji kinapenya pembeni, na kibofu kinabanwa humo humo, ndiyo maana mkojo haukai. Anazuia kwa sababu kutoa kunamuuma. Mpeleke hospitali wiki hii, apapaswe tumbo na kupimwa mkojo, na habari za pipa uzieleze bila kuona haya. Na lile bomba la mpira la kusafishia tumbo kwa nyuma, ambalo najua Nana kaja nalo pamoja na tangawizi ya kutia humo, lifungie kabatini.

Kuhusu choo, amekujibu kwa mikono yake miwili masikioni. Kelele anayoijua, kama sufuria ya Nana, inamfurahisha, ile inayomrukia ghafla inamtesa. Basi maji yavutwe akishatoka. Mwekee kibao cha kukanyagia miguu. Wengi wenye usonji mwili hauwapi taarifa mapema, kwa hiyo usingoje aombe, mpeleke kila baada ya kula, kwa maneno yale yale. Akilowa, mbadilishe bila hotuba. Atakawia, pengine sana, na kukawia si uvivu wake wala malezi yako mabaya. Pole kwa hilo, najua mengi yamesemwa uani.

Mwalimu mkuu umwendee na maelezo ya daktari na mfuko wa nguo za akiba, ukae kwenye kiti chake cha wageni mpaka akubali. Kulowa si utovu wa nidhamu, na mtoto hafukuzwi kwa kuumwa.

Kambi ya maombi sahau. Pepo gani linalochota maji pipani ili lipigiwe ngoma? Hiyo ni akili, tena anawazidi nyinyi wawili, maana yeye alijua anachotaka.

Nana Birago, najua unasomewa hii barua, kwa hiyo sikia. Sufuria usiiweke chini. Watoto wa wapangaji warudi kwao na makopo yao, mkeka ukafuliwe, maneno ya kumcheka yafutwe kwenye wimbo. Mbaki wewe na mjukuu wako, mkishakula, mcheze kutoka chumbani hadi mlango wa choo. Mlango ukifungwa, unyamaze, ungoje nje kama mtu mzima mwenye adabu. Akitoka, amefanya au hajafanya, mnarudi mkicheza. Ngoma yenu haikuwa na kosa, Nana. Mlikosea njia tu, mkamzungusha mtoto uani badala ya kumfikisha chooni.