Alama Kumi na Mbili za Jilala

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimo! Redio imetangaza riwaya tano zilizoingia fainali ya tuzo, na ya pili ni yangu — Mwalimu Gregory wa Segese! Mtangazaji kasoma mpaka sentensi ya kwanza: "Mama alinizaa juu ya dhahabu, akafa kwa njaa." Ofisi nzima ya walimu makofi. Mama kapiga simu kutoka Kolandoto. Shikamoo yangu hakuiitikia. Eti, mwanangu, mimi nimekufa lini?

Jumatano, 3 Septemba

Jilala kaja, matope ya duarani, shimo lao la dhahabu, mpaka kwenye kope. Mchimbaji huyu aliniletea kaunta buku lake mwezi wa pili, hadithi kaiandika mwenyewe, nimrekebishie Kiswahili. Nikachapa nakala yangu kwanza. Kisha nikalisahihisha kwa kalamu nyekundu kama daftari la Form Two, nikamrudishia. Takataka, nikamwambia, kachome.

Leo kasema polepole kwamba yule mama wa redioni ni mama yake. Nikamuuliza ushahidi uko wapi. Akasema buku alimpa mkewe alichome. Basi! Mshika sururu na tuzo, wapi na wapi? Katoka bila kuaga. Nimekula vizuri leo.

Jumamosi, 13 Septemba

Duara limetitia. Jilala alikuwa chini. Wamemtoa saa nane mchana, keshakufa.

Nilishusha pumzi. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: nilifurahi.

Jumanne, 16 Septemba

Matanga. Nimekwenda, nisipoonekana watu watasema. Masudi muuza mitumba ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wasukuma, kwa hiyo msiba ni uwanja wake. Kavaa kofia na buti za marehemu, anamwigiza hata kikohozi chake, anatudai sigara. Watu hoi! Nami nimecheka. Mtani hakasirikiwi.

Halafu kaingia ndani, katoka na kaunta buku. Lile lile! "Nami nilikuwa mwandishi, nisikilizeni!" Kasoma: Mama alinizaa juu ya dhahabu...

Kicheko kikakatika. Redio wote waliisikia. Masudi hajui kitu, anaendelea, kafunua ukurasa wa mwisho, anasoma wino mwekundu kwa sauti. Alama kumi na mbili kati ya hamsini. Takataka. Choma. Na chini yake — mazoea ya kazi yameniua! — sahihi yangu, jina, na tarehe: 4 Machi 2025.

Sesilia, mjane, kasema kweli aliambiwa achome. Akaona aibu kulichoma, maana mama mkwe yumo humo. Kisha kanigeukia, hana hata chozi:

"Mwalimu, na ile ya redioni ulijipa ngapi?"

Nimeondoka pekupeku, viatu nimeviacha mkekani. Niko chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo. Wamekuja wote, uani hapana pa kukanyaga. Sesilia anamuuliza mke wangu kama nipo. Dorah, nyamaza! Mjinga huyu, anajibu kwa sauti ya juu:

"Yupo. Anaandika."