Maboga Yangu na Rehani za Bi Zuwena

Jumatatu, 7 Julai
Nna miaka sabini na tisa. Nshazika wake wawili, ndugu wanne, na daktari aliyenambia niache halua. Leo nimetia maji mapema, kama kila siku. Miboga imechanua mpaka ukutani. Makunduchi nzima hakuna bustani kama yangu. Rehani nimezungushia, asumini mlangoni, ili nyuki waje. Nimewaambia wa barazani watakula boga la nazi kutoka kwangu. Nimesema mbele ya watu kumi.

Jumatano, 9 Julai
Viboga vichanga vitatu vimeanguka. Laini kama vimechemshwa. Nnamjua mkosa. Bi Zuwena, mjane wa ndugu yangu, tunakaa ua mmoja. Rehani ikianza kuchanua tu keshaichuma. Asumini haijafunguka keshaichuma. Anafunga vikuba vya maharusi kuvaa kifuani. Nyuki wale nini? Simpendi. Miaka thelathini simpendi.

Ijumaa, 11 Julai
Jana nimezungusha kamba na miba. Leo kamba imekatwa, rehani imenyolewa. Salamu yake sikuitika. Nimefanya kazi yangu ya kila alfajiri, kuchuma maua ya miboga yasiyo na kiboga chini yake. Hayazai, yanakunywa maji bure. Hilo sikufunzwa na mtu. Nimelivumbua mwenyewe.

Jumapili, 13 Julai
Viboga vyote chini. Barazani wananiuliza boga liko wapi, wanacheka. Nimechukua panga nikaukate ule mwasumini, ndoo ya maua ya alfajiri mkono wa pili. Bi Zuwena alikuwa mkekani na wenzake wawili, wanafunga vikuba. Hakuinuka. Akaitazama ndoo yangu ya maua.

"Shemeji, hayo unayoyatupa ndiyo madume. Nyuki atamchukulia nini jike?"

Wenzake wakainamia rehani zao, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nimerudi na panga langu. Namchukia.

Jumatatu, 14 Julai
Sikuchuma maua. Si kwa maneno yake. Mgongo unauma.

Jumapili, 27 Julai
Boga moja kama ngumi. Jengine kama yai. Nyuki wanatoka kwenye madume miguu ya manjano, wanaingia kwa majike. Nimekaa nikawatazama mpaka jua likawa kali. Kamba nimeifungua. Rehani za upande wa jiko Bi Zuwena achume. Za upande wangu zimechanua, hazigusi. Hatujasemezana. Anayetaka ushahidi kwamba maboga haya nimeyalea mimi, amuulize Bi Zuwena. Habari ya madume asimuulize.