Ghala la Mgao Limepata Wenyewe

Kariakoo, Jumapili ya kipupwe, 1956

Asubuhi upepo wa kusi ulikuwa unapenya hadi ndani ya khanga, na mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu la mvua. Siku nzuri ya kufungua nyumba.

Nina chokaa kwenye kucha. Sauti imenikauka kwa vigelegele. Miguu inawaka moto. Sijapata kuchoka vizuri namna hii tangu siku ya harusi yangu.

Tumefungua leo.

Naandika nikiwa chumbani kwangu, jua bado halijatua. Nasema kwangu, na nalirudia neno hilo kwa sauti, mpaka Rehema binti yangu ananitazama kama mama yake amepagawa. Chumba hiki zamani kilikaliwa na makarani wa serikali. Sasa kina kitanda changu cha kamba, sanduku la nguo, na dirisha linalotazama uani ambako wanawake bado wanaosha masufuria ya pilau na kuchekana.

Wakati wa vita, nyumba hii yote ilikuwa ghala la mgao. Kila mtu wa Kariakoo analijua. Tulipanga mstari nje, juani, kungojea mchele na sukari na kipande cha kitambaa cha marekani. Mimi nilipanga mstari hapa nikiwa na mimba ya Rehema. Nikazimia, nikamwagiwa maji, nikarudi mstarini palepale, maana ukiacha nafasi yako umekula hasara. Vita vilipokwisha serikali ilitia kufuli ikaondoka. Popo wakahamia. Paa la nyuma likaanguka. Jumba la mawe, kuta nene kama za ngome, mbele yake soko linachemka, nalo likakaa bure mwaka baada ya mwaka huku watu wanalala wamebanana kama dagaa.

Nisingelifikiria jumba hili hata siku moja kama Mzee Sudi asingeuza nyumba.

Mzee Sudi ndiye aliyekuwa mwenye nyumba wetu. Si mtu mbaya. Alikuja kwa adabu, akakaa barazani, akanywa chai yetu, kisha akatuambia kiwanja amekwisha kukiuza na mnunuzi anataka kubomoa ajenge ghorofa. "Nendeni Magomeni," akasema. "Kunajengwa siku hizi. Kuna hewa."

Hewa! Mimi ni mjane, nakula kwa cherehani. Wateja wangu wako sokoni hapa. Mwanamke ananunua kitambaa saa mbili na adhuhuri anataka gauni. Nikienda Magomeni nitamshonea nani, hewa?

Wapangaji wote wa nyumba ile tulikuwa wanawake, wajane na walioachika. Mkubwa wetu ni Bi Tatu, mpika vitumbua, ambaye pia ndiye kiongozi wa chama chetu cha ngoma ya lelemama. Tulipokuwa tunalia, yeye alikuwa ananyoosha kidole barabarani. Alikuwa analinyooshea ghala.

"Lile lina mtu?" akauliza.

Nikamwambia lina popo.

"Popo hawalipi kodi. Twende tukaombe."

Tukaenda. Chama kizima, tumevaa sare, khanga za rangi moja, tukaketi nje ya ofisi ya manispaa mpaka Mzungu mkuu wa majengo akatoka kuona kuna nini. Ndipo tukajua kuwa hatukuwa peke yetu. Bwana Elia, mfanyabiashara wa vitunguu kutoka Kilimanjaro, alikwisha kuliomba ghala lilelile ahifadhi mali yake.

Yule Mzungu ana Kiswahili chake cha kunyooka kama rula. Akatuita wote pamoja, sisi na Bwana Elia, akasema, "Mimi naona watu wawili. Mimi sina ghala mbili. Nataka mpango mmoja. Na paa lote lifunikwe kabla ya masika, kwa sababu ukuta ukilowa tena, utaanguka. Hapana mpango, hapana paa, mimi nabomoa."

Nilitoka pale nikimchukia Bwana Elia kwa moyo wangu wote. Leo sioni haya kuyaandika, kwa kuwa mwenyewe nimekwisha kumwambia akacheka. Nilisema mengi njiani. Nilisema mtu ana mlima mzima kwao, ana migomba na kahawa, anakuja kututafutia nini huku pwani. Bi Tatu aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kesho yake tutakwenda dukani kwake, na mimi ndiye nitakayebisha hodi.

Lile duka! Nilidhani nitakuta tajiri. Nilikuta kibanda cha mabati, magunia yamepangwa mpaka juu, na harufu ya vitunguu vilivyoanza kuoza kwa unyevu. Nyuma ya magunia kulikuwa na mkeka. Hapo ndipo alipokuwa akilala yeye, mkewe na watoto. Mkewe, Mama Anna, alikuwa anapika nje chini ya turubai.

"Shikamoo, mama," Bwana Elia akamwamkia Bi Tatu, akafuta kigoda kwa kiganja chake.

"Marahaba, mwanangu. Tumekuja kugombana, lakini tupe maji kwanza."

Akacheka. Ugomvi ukapoteza nusu ya nguvu zake hapohapo.

Bi Tatu alisema maneno mepesi kabisa. Upande wa mbele unatazama soko, hapo yawe maduka: duka lake la vitunguu, langu la ushonaji, na mkahawa wa chai. Vyumba vya makarani na sehemu ya nyuma tugawane tukae. Ukumbi mkubwa wa katikati, ule wa magunia ya mchele zamani, uwe wa mtaa. Harusi, maulidi, darasa la kusoma la akina mama, mikutano, ngoma yetu.

Bwana Elia aliyakubali yote isipokuwa ukumbi. Alitaka nusu yake aweke magunia. Alisema ukumbi mtupu ni mali iliyolala. Bi Tatu akasema watu si mali ya kupangwa kama vitunguu. Sauti zikaanza kupanda. Mimi nikasimama niondoke.

Ndipo Mama Anna akaingia, mwiko mkononi.

"Elia," akasema, "mtoto wetu alipofariki, waombolezaji tuliwaketisha wapi?"

Bwana Elia akageukia magunia.

Mama Anna akatugeukia sisi. Akatueleza kwamba mwaka uliopita walizika mtoto mchanga. Watu wa kwao walikuja, na watu wa kanisani walikuja, na hakukuwa na mahali pa kuketi. Walisimama barabarani, mikokoteni inapita katikati yao, wachukuzi wanapiga kelele wapewe njia. Yeye mwenyewe, mwenye msiba, alisimama akiegemea magunia.

"Nilikuwa sijui hata nilie nikitazama wapi," akasema.

Bi Tatu alivua khanga yake ya juu akamfunika nayo mabegani. Nikakaa tena. Sikumbuki nani alilia kwanza. Nakumbuka kwamba Bwana Elia alisema akitazama chini, "Ukumbi uachwe."

Basi. Mpango ukawa mmoja, na Mzungu akaukubali.

Kazi ya kujenga sitaiandika yote. Ilikuwa mchanga, chokaa na kinyesi cha popo. Fundi Saidi, mwashi wa mtaani kwetu, alituambia kuta bado zina afya, kinachotakiwa ni kuziba na kufunika. Bwana Elia alipata mabati kwa watu anaofanya nao biashara. Sisi chama tulicheza lelemama kila tulipoalikwa, na tuzo zote zikageuka misumari na mbao. Wanawake tulibeba mchanga kwa makarai tukiimba, na wanaume waliokuwa wanapita wakitucheka waliona haya, mmoja mmoja, wakashika sepetu.

Siku ninayotaka kuiandika ni ile Ijumaa.

Upande mmoja wa paa ulikuwa umefunikwa, upande wa pili ulikuwa mbao tupu. Tulihesabu kwamba masika bado. Adhuhuri ile nikatoka uani nikaona wingu upande wa bandarini, jeusi kama chungu. Upepo ukakatika. Fundi Saidi alikuwa juu na wasaidizi wake wachache; akatazama wingu, akatazama mabati yaliyolala chini, akatikisa kichwa.

Nikajiona niko kwenye basi la Magomeni na cherehani mapajani.

Nikakimbia. Sikuwahi kukimbia katikati ya soko tangu nivunje ungo, lakini siku ile nilikimbia, khanga mkononi, mpaka dukani kwa Bwana Elia. Sikuwa na pumzi ya kueleza. Nikaonyesha juu tu. Akaona. Akafunga duka, na wateja ndani! Akawatoa kwa kuwasukuma, akapanda juu ya mkokoteni akawaita wachukuzi wa soko zima.

"Jamani, ghala! Ghala linalowa!"

Wakaja. Wale wachukuzi niliowakwepa miaka yote wasinipige kumbo, waliacha mizigo yao wakaja, vifua wazi, wakapanda zile ngazi kama wanapanda minazi. Swala ya Ijumaa ilikuwa ndiyo imetoka. Wazee na vijana wakaja na kanzu zao wamezikunja viunoni. Chini tulijipanga wanawake, bati likapita mkono kwa mkono, kutoka kwa Bi Tatu hadi kwangu hadi kwa Mama Anna hadi kwenye ngazi. Juu ni nyundo tu. Nyundo, nyundo, nyundo. Sikio langu lilisikia nyundo na moyo wangu, basi.

Matone ya kwanza yalinipiga usoni. Nikapiga yowe.

"Usilie, pitisha bati!" Bi Tatu akanikemea.

Nikapitisha. Bati la mwisho lilipanda mvua ikiwa imekwisha kuanza kweli, na Fundi Saidi akalipigilia amelalia tumbo, maji yanamtiririka mgongoni. Kisha mvua ikamwagika yote kwa pamoja. Sote tulikimbilia ukumbini. Wachukuzi, mashehe, akina mama, Wazaramo, Wachaga, Wamanyema, tumejazana, tunatweta, tunatazama juu.

Halikuvuja.

Mngurumo wa mvua ile juu ya mabati yetu! Hata ungesema kitu usingesikika. Nilimwona Bwana Elia amesimama pembeni, mkono ukutani, analia waziwazi bila kujificha.

Asubuhi yake yule Mzungu alikuja na viatu vyake vimejaa tope. Akaingia, akaweka kiganja kwenye ukuta wa nyuma, kisha kwenye ukuta wa pili. Akatutazama.

"Mkavu," akasema.

Akampa Bi Tatu ufunguo. Bi Tatu akaupokea kwa mikono miwili, na alipokwisha kuondoka yule bwana, akaufunga kwenye pindo la khanga. Hajaufungua tangu siku hiyo ila kwa sababu ya maana.

Na leo ndiyo leo.

Asubuhi tulisoma dua. Watu wa kina Bwana Elia walipotoka kanisani wakaja nao wakaimba nyimbo zao, sauti nzito za wanaume na nyembamba za wanawake zikisukana, na ukumbi ule wa mawe ukazirudisha mara mbili. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na ndizi za nyama walizopika akina mama wa Kichaga. Nilikula vyote, nikaongeza. Mzungu wetu naye alikuja akala pilau kwa mkono, nusu yake ikamwangukia kwenye tai.

Halafu ngoma. Bi Tatu, na umri wake ule, alicheza lelemama mstari wa mbele mpaka watu wakasahau kutafuna. Mama Anna alisimama pembeni akipiga makofi. Nikamvuta mkono nikamwingiza mstarini. Hajui hata hatua moja. Alicheza vibaya kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na hakuna aliyeshangiliwa kama yeye.

Mzee Sudi alikuja pia. Alizunguka kote, akagonga kuta, akatazama juu. Kisha akanisogelea na kuninong'oneza: je, ukumbi una nafasi, anamwoza binti yake mwezi ujao? Nikamwambia nitamuuliza mwenyekiti wetu, Bi Tatu. Nilijitahidi nisicheke. Nilishindwa.

Nimeshona leo leo, nilisahau kuandika. Mwanamke aliniletea kitambaa katikati ya sherehe, nikafungua dirisha la duka, nikakaa kwenye cherehani na nguo zangu za sikukuu, nikamshonea. Watu walikuwa wanapita nje wanaangalia ndani na kuniamkia. Marehemu mume wangu alikuwa na ndoto ya kunifungulia duka. Nilimtaja kwa jina, polepole, mguu ukiwa kwenye pedeli. Sikuhuzunika. Nilimpa habari tu.

Wageni walipoanza kuondoka, alasiri, alikuja mwanamke tusiyemjua, mtoto mgongoni na furushi la nguo kichwani. Alisimama mlangoni haingii wala hatoki. Tukamkaribisha, tukampakulia. Alipomaliza kula akauliza kama ni kweli kwamba hapa wanawake wasio na mtu wanapata chumba.

Vyumba vyote vimejaa. Nilifungua kinywa nimwambie hivyo.

Bi Tatu akasema, "Kuna ile stoo ya uani, haina paa."

Sote tukamgeukia Bwana Elia. Alikuwa amekwisha kuvua koti la kanisani, amelitundika kwenye mlango, anakunja mikono ya shati.

Usiku wa leo mgeni analala hapa kwangu, pamoja na Rehema. Mtoto wake amekwisha kusinzia juu ya kitanda changu, ameshika ncha ya mto kama vile ameununua yeye. Kesho, kabla ya kufungua duka, nakwenda kutafuta misumari.