Fundo Lenye Sikio Fupi

Mpendwa dada Otilia,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali ya mpokeaji. Niliishia darasa la tano, lakini hilo lilinikaa kichwani. Kwako siwezi kuuliza, na hali yangu sijui niiseme vipi. Ni Jumapili mchana hapa Dodoma. Mvua imesimamisha kazi ya zege, wenzangu wamekwenda kuangalia mpira, na mimi nimekaa kitandani na vifurushi viwili mbele yangu. Kimoja nilikifungisha mimi, kingine ulikifunga wewe. Vyote havijafunguliwa.

Noeli inakaribia tena, dada. Naiogopa.

Unakumbuka karatasi zetu za kufungia zawadi? Mwaka ule wanajenga kanisa la kigango, ulimwomba fundi mifuko mitupu ya saruji. Ukaikung'uta nyuma ya nyumba ya Bibi mpaka ukawa mweupe hadi nyusi. Ukachana ile safu ya ndani isiyo na maandishi, ukaitandaza juu ya blanketi na kuipitishia pasi ya mkaa. Ikatoka laini, rangi ya chai ya maziwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika ncha na kutopumua. Kila kunjo ulilipitisha ukucha mara mbili, na mche wa sabuni ukawa na kona kali kama tofali jipya.

Tepe tulizitoa kwenye maganda makavu ya mgomba. Ulilowesha, ukachana kwa sindano, ukachovya kwenye rangi ya mikeka aliyotugawia yule mama aliyekuwa akipanda kutoka ziwani kuuza dagaa. Vidole vyako vilibaki zambarau mpaka Mwaka Mpya. Ulipokwenda kupokea komunyo padre alivitazama sana, na baada ya misa akamwuliza Bibi kama una ugonjwa wa damu.

Majina hatukuandika. Bibi hakujua kusoma, na alisema jina anasoma kila mtu, ila fundo tunasoma sisi tu. Kwa hiyo chini ya tawi la msindano, mti wetu wa Noeli, kila mmoja alijulikana kwa mkono wake. La Bibi lilikuwa fundo moja gumu, lile la kufungia mbuzi. Lako lilikuwa ua la petali nne na punje ya kahawa katikati, sijui uliibanaje isidondoke. Langu lilikuwa masikio mawili, na la kushoto lilitoka fupi kila mwaka. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulisema mbuzi wangu kaumwa na mbwa. Nilipotaka kulifungua nilirudie, uliushika mkono wangu.

"Liache hivyo hivyo, Gaspa. Nitakujuaje?"

Na ile sheria. Karatasi haichanwi. Unafungua fundo taratibu, unakunjua, karatasi inarudi kwenye pasi na tepe zinarudi kwenye kopo. Na hakuna kufungua kwa nyuma. Mwaka mmoja nilijificha uvunguni, nikafunua kunjo la nyuma bila kugusa ua lako, nikaona viatu vya plastiki, nikarudishia. Nilidhani nimefanya kazi safi. Asubuhi ulikigeuza kifurushi mara moja tu, ukaniita mwizi, na ukaendelea kuniita hivyo mpaka siku ya Epifania. Hata kwenye kahawa, tukipalilia, ulinipigia kelele toka upande wa pili wa shamba: mwizi, njoo ubebe jembe.

Baadaye uliolewa kijiji cha Litumbandyosi, ukamchukua Bibi ukaishi naye, na mimi nikaja huku kubeba zege. Kila Noeli nilitafuta mfuko wa saruji, na hiyo ni bidhaa isiyoadimika kwangu. Nilipiga pasi, nikakunja, nikafunga, nikatuma. Na wewe ulituma. Hatukuhitaji maneno mengi.

Sasa niseme lile ninalolikwepa.

Mwaka juzi Bibi alipolala kitandani mgonjwa ulinipigia simu mara tatu. Ya tatu ilinikuta ghorofa ya nne, karai begani, msimamizi ananitazama. Ulisema Bibi ananiulizia. Nilichoka, dada. Nilikuwa nimechoka mwili na roho, na uchovu ule nilikutupia wewe.

"Wewe ndiye unayekaa naye," nilikwambia. "Mzike wewe."

Ukamzika wewe. Hukunipigia tena, nami sikukupigia. Sina cha kujitetea.

Noeli ilipofika nilikununulia kitenge, na ndani yake nikakunja barua. Iliandikwa kwa siku tatu na haikufika nusu ukurasa: nilikosa, nisamehe, nijibu hata kwa neno moja. Mikono yangu wakati ule ilikuwa imepasuka kwa saruji, ikigusa karatasi inaikwangua. Nikapita dukani, kwenye kioo nikaona zawadi zimepangwa zinang'aa. Binti wa dukani akanifungia kitenge chako kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Karatasi ya rangi ya fedha, na juu yake akabandika ua jekundu la plastiki lenye gundi chini. Nilikitazama nikaona fahari. Nilidhani mtu akikosa sana, basi aombe msamaha kwa kitu kinachong'aa.

Meinradi, mwenzangu wa Chiwanda, alikuwa anakwenda likizo. Alibeba vifurushi vyetu watu watano kwenye katoni moja, akaiacha Kitai, njia panda ya kwenda kwenu, kwa mama wa mgahawa kama kila Noeli, ndugu waje kuchukua, yeye akaendelea na safari yake. Wenzangu waliandika majina juu ya vya kwao. Mimi sikuandika. Nimewahi kuandika lini?

Nikasubiri simu. Noeli ikapita, Mwaka Mpya ukapita. Nikasema basi, amesoma, amekataa. Nikaanza kukukasirikia, dada, Mungu anajua. Nilikukasirikia mpaka Kwaresima, mpaka simu ya shemeji Kastori, mumeo, iliponiambia kuwa homa imekuchukua kwa siku tatu.

Nilifika udongo wa kaburi lako umeshakauka. Jioni ya siku ya pili shemeji aliingia chumbani, akateremsha kitu kutoka juu ya kabati. Niliona mng'ao kabla sijaona kitu chenyewe.

"Shemeji, kuna mzigo hapa si wetu," alisema. "Wewe unawajua watu wa huko kazini, labda utamjua mwenyewe."

Akanieleza bila kujua anachonieleza. Kwamba ulikwenda Kitai mara mbili kwa baiskeli, unauliza kifurushi chenye sikio fupi. Kwamba mama wa mgahawa alikwambia vya watu vimechukuliwa vyote, kimebaki hiki cha fedha kisicho na jina. Ulikigeuza, ukasema mdogo wako hajawahi kubandika ua la dukani maisha yake yote. Ukakichukua tu kisiharibiwe na mvua. Ukatangaza jumuiyani, hakujitokeza mtu. Shemeji alisema labda kifunguliwe kionekane cha nani, ukakataa.

"Kikae. Mwenyewe atakuja."

Usiku wa Noeli, shemeji anasema, ulimwambia jambo moja tu kuhusu mimi: Gaspa bado ana hasira. Kisha ukaenda kulala.

Nilipaswa kusema pale pale kwamba mwenyewe ni mimi. Sikusema. Nilikipokea kwa mikono miwili, nikamwambia shemeji nitamtafuta mwenye mzigo. Mpaka leo hajui. Alinisindikiza hadi barabarani na kunishukuru kwa usumbufu.

Na kabla sijapanda gari alinipa hiki cha pili. Alisema ulikifunga Noeli ile ile, na ulikuwa umeapa kwamba changu kikifika tu, chako kinapanda basi. Sikuhitaji kuuliza kilitoka kwa nani. Karatasi ya saruji, kona za ukucha, petali nne, punje ya kahawa.

Tangu siku hiyo sijakigusa. Ndani yake ndimo lilimo jibu lako, kama jibu lipo, na ili nilipate lazima nifungue fundo la mwisho ulilofunga duniani. Mimi siwezi kulifunga tena likawa lile. Hakuna awezaye. Meinradi aliniambia nikifungue niwe na amani. Nikamwuliza, yeye angefungua? Akachukua sepetu yake.

Leo nimekitazama tangu misa ilipoisha. Sasa hivi nimeiweka kalamu chini, nimekilaza kifudifudi juu ya shuka, ua lako chini, nikafunua kunjo la nyuma. Taratibu, kama uvunguni. Karatasi haikuchanika. Fundo halikulegea.

Ni kopo la mafuta ya mgando. Lile kubwa. Kabla hatujagombana niliwahi kukwambia kwenye simu kuwa mikono inapasuka, nikacheka, tukaongelea mengine.

Barua hamna. Nimekunjua kunjo la nyuma lote, nimechungulia na kutoa kopo, nimetazama chini ya kifuniko. Hakuna hata neno. Sijui ulinisamehe, au ulinihurumia mikono tu huku moyo wako umefungwa. Sitajua. Watu huku wangeniambia jibu ni kopo lenyewe. Labda. Lakini mimi niliomba neno moja, nawe hukujua kwamba niliomba, na kosa hilo ni la ua jekundu la plastiki.

Nimepaka mafuta. Nisamehe kama ulitaka yakae. Kwa mikono ile nisingeweza kufanya nilichofanya baadaye: nimeivua karatasi ya fedha, nimekitoa kitenge chako na barua yake bila kuifungua, nikavifunga upya kwa karatasi ya saruji. Nimepitisha ukucha mara mbili. Mgomba huku sina, nimechana kamba ya mfuko wa sandarusi. Masikio mawili. La kushoto limetoka fupi, na sikulilazimisha.

Meinradi anaondoka Alhamisi. Nimemwandikia shemeji ukweli wote kwenye karatasi nyingine, na jina langu juu yake kwa herufi kubwa, anifikirie atakavyo. Nimemwomba akirudishe kifurushi juu ya kabati, pale pale.

Kikae, dada. Mwenyewe hatakuja, lakini kikae.

Wewe niite mwizi.

Mdogo wako,
Gaspa