Mwewe wa Kula Konokono

Jumatano usiku, Jeddah

Lakini huyu mwewe! Tangu Otieno, tunayelala naye chumba kimoja hapa mtaa wa Kandara (si ile ya nyumbani), anionyeshe kwa simu, sina usingizi. Anaishi kwa vinamasi huko Amerika, mdomo umepinda kama ndoano. Anachomoa konokono kwa nyumba yake vile mimi hufyonza mfupa wa supu. Na hao konokono ni ndugu wa wale wageni wanaomaliza mpunga wetu Mwea, wale wa mayai ya pinki!

Nikamwambia Otieno kwamba mwewe nawajua, niliwahi kumnyang'anya mmoja kuku akiwa juu angani. Otieno akasema, "Mzee, na wewe ulikuwa umeruka?"

Leo nikimpeleka bosi kazini nikamuuliza kama mwewe wake wa kuwinda anaweza kula konokono. Alicheka mpaka machozi. "Mafi, hakuna, Kamau! Huyu anakula njiwa." Na huyo ndege ana pasipoti yake kama waziri. Yangu anakaa nayo bosi.

Jioni nikampigia bibi yangu, nikamwambia nimepata dawa ya shamba, ni ndege. Alikuwa ameshinda ameinama majini akiokota konokono kwa mkono. Wamekula miche tena.

"Baba Njeri," akasema, "mdomo mkubwa tuko nao. Tumekosa mikono."

Nilicheka. Sasa nageuka-geuka tu kitandani. Kesho lazima nimuombe bosi ruhusa ya kwenda nyumbani, na sijui nianzie wapi. Mimi, kukosa maneno!