Koti Langu kwa Mtani

Jumatatu, 4 Julai 1955

Bomani tena. Benchi lile lile, ubao umelegea upande mmoja na unakubana ukijisahau. Siku hizi tarishi hangoji hata niulize. Anatikisa kichwa akiwa bado mlangoni. Barua ya Dar es Salaam haijaja.

Nilimaliza chuo Kampala Desemba. Miaka mitatu ya mambo ya maji, visima na mitambo. Cheti kimo sandukuni. Tangu hapo nakaa kwa shangazi Veronika hapa Ng'ambo, Tabora, nakula ugali wake na maneno yake. Karakana ya reli wanataka mtu mwenye uzoefu. Ofisi ya ujenzi wanataka mtu mwenye uzoefu. Huo uzoefu nitaupata wapi, kama kila mlango unautaka kabla sijaingia? Nimeuliza. Hakuna anayejibu, wanatazama viatu vyangu tu.

Limebaki tumaini moja. Serikali inapeleka vijana wanne Uingereza, mwaka mzima, wakajifunze kazi kwa kuishika kwa mikono. Niliandika maombi mwezi wa tatu. Ukirudi kutoka huko hakuna wa kukuuliza uzoefu.

Jumatano, 6 Julai

Padre kanisimamisha barabarani. Anataka nikafundishe hesabu shule ya misheni. Nimekataa kwa adabu, mara ya nne. Shangazi kasikia kabla sijafika nyumbani. Kasema mwalimu ni mtu wa heshima na mimi ni mtu wa benchi.

Nimechoka kabisa.

Ijumaa, 8 Julai

IMEKUJA. Nimechaguliwa!

Tarishi kanikabidhi kwa mikono miwili, leo kaniita bwana. Nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Fomu moja, ijazwe, daktari atie sahihi, na baba mzazi akubali kwa maandishi kwa kuwa sijaoa. Iwe imefika Dar es Salaam kabla ya ofisi kufungwa Jumamosi tarehe 23. Ikichelewa, nafasi anapewa aliye wa akiba. Meli inaondoka Septemba mosi.

Daktari nimemaliza naye leo hii hii. Mapafu mazima, macho mazima. Kesho naenda Kigwa kwa Baba.

Jumapili, 10 Julai, Kigwa

Nimeshuka stesheni jana na kusikia kilio kabla sijavuka reli. Babu Mihayo, baba mdogo wa Baba, amefariki. Nyumba imejaa watu. Nimelia na wenzangu, alikuwa akinichongea marungu nilipokuwa mdogo.

Lakini na fomu nayo je? Niliona aibu, nikamfuata Baba nyuma ya ghala. Alinisikiliza huku anafuta macho. Hajui kuandika, nikampaka wino, akabonyeza dole gumba pale pa sahihi. Hakuuliza ni nini. Alisema tu, "Uende vizuri." Nimeikunja fomu na kuiweka mfuko wa ndani wa koti langu la kijivu, lile nililoshonesha Kampala. Hapo haitapotea.

Jumatatu, 11 Julai

Sijui niandike nini. Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Tumemzika Babu leo asubuhi. Katekista kasali, watani nao wakafanya yao. Mkubwa wao alikuwa Kondo, Mzaramo, gadi wa gari la moshi anayekaa Tabora. Utani wa Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni wa zamani za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe kwenda pwani na kupita kwao. Basi Kondo kaingia kaburini, kalala chali, kasema hatoki mpaka apewe kuku. Kapewa. Katoka, kasema Babu alikuwa mchoyo na bado anadaiwa pombe na kijiji kizima. Waliokuwa wanalia wakaanza kucheka. Ndiyo kazi ya mtani, na anaijua.

Kisha akaniona mimi. Joto la kuchimba lilikuwa limenifanya nivue koti, nimelitundika kwenye mti. Kalichukua, kalivaa, katembea mbele ya watu akibana pua, eti mimi hapo narudi kutoka Ulaya na nimesahau ugali unaliwaje. Nilicheka. Mimi mwenyewe nilicheka!

Gari la mizigo likapiga honi. Alikuwa na zamu jioni. Kondo huyo, mbio mpaka stesheni, koti mgongoni, watu wanampigia vigelegele. Nilikimbia. Nimefika, behewa la mwisho linapita na yeye ananipungia mkono.

Jumanne, 12 Julai

Baba anasema kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi. Kinakombolewa. Unakwenda kwake na kuku, unakaa chini, unatukanwa kidogo, unarudishiwa. Nimemweleza habari ya tarehe 23. Kasema zimebaki siku nyingi, na kwamba anayemkasirikia mtani anaaibisha ukoo.

Mkuu wa stesheni kakataa kunipigia simu ya upepo. Ni kwa shughuli za reli, anasema. Gadi si shughuli ya reli?

Alhamisi, 14 Julai, Tabora

Kondo yuko njia ya Kigoma, anarudi Jumamosi. Mkewe kaniambia koti limo sandukuni, na ufunguo ameuchukua bwana. Alikuwa anajizuia asicheke.

Bomani nimeomba fomu nyingine. Karani kasema kila aliyechaguliwa ana fomu moja na namba yake, ya pili haipo Tabora nzima. Shangazi kacheka mpaka kakaa chini. Mji mzima unajua. Leo sokoni muuza asali kaniuliza kama sisikii baridi.

Jumamosi, 16 Julai

Nimeharibu.

Nilimngoja Kondo stesheni, kuku kwapani, nimejipanga kabisa. Kashuka, kaniona, kaanza. Eti kuku gani huyu, mbona anafanana na mimi. Nikavumilia. Nikamwambia, mzee Kondo, ndani ya koti mna karatasi za serikali, nihurumie. Kacheka akashika ukuta. "Mna karatasi za serikali! Mwenzako wa mwaka jana alisema mna dawa ya mama yake!"

Ndivyo ilivyo. Kila anayechukuliwa kitu husema kuna jambo kubwa ndani, na mtani hapapasi mfukoni, kwa sababu akipapasa ameshadanganyika. Nalijua hilo tangu utotoni. Na bado niliona damu inanipanda. Nilimwita mwizi, tena kwa sauti, mbele ya makuli na abiria na mkuu wa stesheni.

Kondo akavua kofia yake ya kazi na kuishika mkononi. Kasema taratibu, "Hilo si neno la utani. Mlete baba yako." Akaondoka. Kuku nilikuwa nimemwachia bila kujua, akakimbilia chini ya mabehewa.

Jumapili, 17 Julai

Baba hawezi kutoka Kigwa mpaka matanga yaishe Jumanne. Nimempelekea ujumbe. Nasikia na yeye kakasirika, si kwa Kondo. Kwangu.

Siku sita. Miaka mitatu Kampala, benchi, daktari, dole gumba, vyote vimefungiwa kwenye sanduku la Mzaramo kwa sababu ya mdomo wangu. Najichukia leo. Namchukia na Kondo. Nawachukia na hao waliobeba pembe, wangepita njia nyingine.

Jumatano, 20 Julai

Baba kafika na gari la asubuhi, kanyoa kichwa, na jogoo mweupe. Hakunisalimia. Nikasema shikamoo mara mbili ndipo akaitikia.

Kwa Kondo tulikaa chini, mimi mbele. Nimeomba radhi. Nilidhani nitasema kwa midomo tu, lakini nilipomtazama usoni niliona yule mtu ameumia kweli. Alimzika Babu yangu kwa mikono yake, nami nikamwita mwizi.

Kasema yamekwisha. Kafungua sanduku, kakung'uta koti, na kwa mara ya kwanza kaingiza mkono mfuko wa ndani ili anikabidhi likiwa safi. Kakuta fomu. Kaikunjua. Kondo anasoma Kiingereza cha reli vizuri tu. Kaona muhuri, kaona dole la Baba, kaona tarehe. Kakaa kitandani.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Ulisema kama mtani," kanijibu.

Baba kaangalia mlango.

Ijumaa, 22 Julai

Gari la abiria la kwenda pwani liliondoka jana asubuhi. Tulipofika stesheni lilikuwa limeshashika njia ya Kigwa. Nilichelewa kwa sababu karani wa boma alitaka kugonga muhuri wake, na mwenye ufunguo wa muhuri alikuwa kwenye kikao. Muhuri! Nilipiga teke lile benchi nikaumia kidole.

Kondo kabadilishana zamu na mwenzake. Kaondoka na fomu leo kwa gari la mizigo. Hakunitania hata neno moja. Gari la mizigo halifiki Dar kabla ya Jumapili. Sote tunajua. Kaenda hivyo hivyo.

Jumanne, 26 Julai

Fomu ilipokelewa jana, Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kondo alilala kwenye ngazi za ofisi akingoja wafungue. Hayo kayasema mwenzake, si yeye.

Jumatano, 3 Agosti

Nafasi amepewa wa akiba. Mistari miwili, wanasikitika, wanashukuru.

Nimelala mchana kutwa. Shangazi kaleta uji, kauweka chini, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu.

Ijumaa, 12 Agosti

Kondo anakuja kila akiwa hana zamu. Anakaa barazani, anaongea na shangazi habari za mvua. Hanitanii. Ningependa anitukane, tujue moja. Ukimya wake unanichosha kuliko makelele yake.

Leo kaja na jambo. Kazungumza na bwana mmoja anayechimba visima vya serikali huko Choma, anayesafiri naye mara kwa mara. Anahitaji mtu wa kupima kina na kuandika udongo unaotoka. Ni kazi ya kibarua, kulala hemani. Kazungumza naye bila kuniuliza!

Nilimwambia sikusoma Kampala ili niwe kibarua. Kaitikia kwa kichwa na kuondoka. Nusu saa baadaye nilikuwa namkimbilia njiani, natukana peke yangu, kumuuliza lori linaondoka lini.

Jumatatu, 22 Agosti, Choma

Vumbi. Ng'ombe wengi kuliko watu. Bwana wa mtambo ni Mzungu mkali, anamtukana kila mtu sawa sawa. Siku ya kwanza kakuta nimeandika "udongo mwekundu". Kalitupa daftari. Kauchukua udongo, kautia mdomoni, kautema, kaniamuru nifanye vile vile. Mchanga unakwaruza meno, ule wa mfinyanzi unateleza. Chuoni hakuna aliyeniambia nile udongo.

Mgongo unauma. Nimekasirika kutwa.

Jumapili, 4 Septemba

Mapumziko. Nimefua nguo, nimeanika juu ya miiba.

Futi mia na kumi. Tangu juzi Mzungu ana homa, mtambo nausimamia mimi. Jana jioni udongo ulitoka wa kijivu na umenata. Nikautia mdomoni. Baridi, maji yako hapo. Nikawaambia wasimame, tuweke mabomba. Fundi aliyenizidi umri akatii bila kuuliza. Kina mama wa kijijini wamekuja asubuhi hii kutazama, wametoka kwenye ibada moja kwa moja. Wamesimama mbali kidogo, wananong'ona Kisukuma.

Dereva wa lori kaleta kikaratasi kutoka Tabora. Mwandiko wa Kondo. "We Mnyamwezi, nasikia unachimba shimo refu namna hiyo. Unamzika nani, twiga? Na kama hakuna kuku wangu, nakuja kulala humo."

Nimecheka mpaka fundi kachungulia hemani.

Nikachukua daftari kuandika tarehe, ndipo nikaitazama. Tarehe nne. Meli iliondoka Alhamisi. Nilikuwa nikipima mabomba siku hiyo, na sikukumbuka.