Ko Ko Ko

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya pili kwenye ghala la kuku wa barafu na tayari nabeba katoni mbili kwa mpigo. Wenzangu moja moja, tena kwa kuguna. Ila kuna jambo. Kabla ya kufunga chumba cha baridi, msimamizi anagonga mlango mara tatu, ko ko ko, halafu anakomea papo hapo. Nikamuuliza anapiga hodi kwa nani, kwa kuku? Akasema ndivyo tunavyofunga. Wengine wakaitikia, ndivyo tunavyofunga. Kwa pamoja, kama darasa la kwanza. Hakuna aliyecheka. 

Jumanne, 4 Machi
Nimeuliza kila mtu. Dereva: nimeikuta. Karani: nimeikuta. Mlinzi: kijana, umekuja kubeba kuku au kufanya upelelezi? Mama mfagiaji ndiye kanieleza, kwa sauti ya chini, macho kwenye ufagio. Zamani kitasa cha ndani kilivunjika, mtu akafungiwa humo. Ikatoka amri: gonga, tega sikio, hesabu mpaka ishirini, ndipo ukomee.
Na kitasa? Hakijatengenezwa mpaka leo, mwanangu.
Na kutega sikio? Kulikuwa kunachelewesha watu.
Mimi wa darasa la saba ndiye nimegundua, na karani ana diploma ukutani!

Jumatano, 5 Machi
Nimempelekea habari shemeji, mume wa dada. Fundi friji, ghala humwita mitambo ikigoma, huingia na kutoka bila kuulizwa. Kasema, shemeji, hutaninyamazia mpaka nikitengeneze, eh? Nitapita nikipata nafasi. Dada kacheka mpaka kakaa chini.

Alhamisi, 6 Machi
Msimamizi kaniachia funguo. Mjuaji, funga wewe. Nikagonga. Nikabandika sikio. Nikahesabu mpaka ishirini. Nyuma yangu watu kumi na wanne na mifuko yao, wananitazama kisogo. Dereva: Daktari, mgonjwa anapumua? Wakacheka wote. Wakaacha wote, mara moja, kama redio iliyozimwa.

Ijumaa, 7 Machi
Daktari asubuhi, Daktari mchana. Nimehesabu mpaka tano. Ule mlango unagandisha sikio, ndiyo sababu.

Jumamosi, 8 Machi
Nusu siku. Saa sita juu ya alama — ko ko ko, komeo, kufuli. Safi. Msimamizi kanipiga begani, sasa umekuwa mwenzetu. Nimetembea mpaka nyumbani kifua mbele.

Saa tisa. Nimekula, nimelala, nimeamka. Kuna kitu. Nilipokuwa nasukuma komeo, lilitetemeka mkononi. Mara tatu. Chuma kikipata baridi huwa kinalia, hilo najua. Halafu tulikuwa kumi na watano pale, kama ni sauti wangeisikia. Niliwatazama. Wote macho kwenye saa ya ukutani. Mama mfagiaji tu ndiye aliyesimamisha ufagio. Akanitazama mimi. Halafu akaendelea kufagia.

Nilisubiri mtu aseme kitu. Labda na wao walinisubiri mimi.

Funguo ninazo mpaka Jumatatu. Ziko hapa mezani, kando ya daftari.

Saa kumi kasoro. Dada yuko nje, namwona dirishani. Kabeba koti la shemeji mkononi. Anaongea kupitia mlango. Mdogo wangu, umo? Shemeji yako katoka saa tano na sanduku la vifaa, kasema anakwenda kutengeneza kile kitasa chako. Hata koti kasahau. Hamjaonana?

Nimeshika funguo kwa mkono mmoja, mwingine hautaki kuacha kalamu.

Anagonga. Ko ko ko.

Kabandika sikio.